Magurudumu Makubwa ya Kapteni

Kila siku walipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, Kapteni na Kimya walikuwa na jambo la kugombania: nani achote maji ya beseni. Beseni hilo ndilo lililokuwa roho ya kibanda cha matairi cha mama yake Kapteni. Tyubu iliyotoboka ilijazwa upepo, ikazamishwa majini, na mapovu yalipotokea ndipo penye tundu. Mama alikuwa fundi wa matairi tangu wasichana hao hawajazaliwa. Alikuwa na mikono mipana, sauti ya kuamrisha, na tabia ya kuzungumza na tyubu kama vile ni mgonjwa mbishi.

"Unavuja wapi wewe? Sema upesi, nina wateja."

Kwa hesabu ya ukoo wasichana hao walikuwa dada, kwa kuwa mama zao walizaliwa tumbo moja. Mama yake Kimya, aliyekuwa mdogo wa hao wawili, alikuwa katika mji mkubwa akisomea uuguzi, na bweni la chuo halikupokea watoto. Kwa hiyo Kimya aliishi kwa mama mkubwa, akilala kitanda kimoja na Kapteni. Shule nzima ilimwita Kimya kwa sababu aliongea kwa kubana matumizi. Kapteni naye aliitwa hivyo kwa sababu popote walipokusanyika watoto watatu, yeye alikuwa ameshawapanga mstari.

Siku hizo kulikuwa na jambo moja tu vichwani mwao. Shule yao ilikuwa inapeleka gari la kuchezea kwenye mashindano ya sayansi katika mji mkubwa. Magari yalitakiwa yatengenezwe na wanafunzi wenyewe. Hayakuwa na injini wala betri. Kipande cha mpira wa tyubu kilizungushwa kwenye ekseli ya nyuma, kijiti kinachoshika magurudumu mawili, na kikiachiwa kilijikunjua na kulisukuma gari. Mbio zenyewe zilikuwa fupi, kutoka ukuta mmoja wa ukumbi hadi wa pili. Gari la kufika kwanza ndilo mshindi.

Watengenezaji walikuwa watatu. Kimya alikata mpira na kufunga ekseli. Kapteni alitengeneza magurudumu. Bodi ilitengenezwa na mvulana wa darasa lao aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alikata bodi kwenye kadibodi nene, akaipaka rangi nyekundu, kisha akaanza kazi yake ya pili, ambayo ilikuwa ni kuisifia.

Magurudumu yalikuwa vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Hayakuwa na uzuri wowote, lakini gari likiachiwa liliruka. Katika majaribio ya shule liliyaacha magari yote solemba, na mwalimu wa sayansi akatangaza kwamba ndilo litakalokwenda. Gari la mwalimu mwenyewe, kuukuu na dogo, lingebeba wanafunzi watatu kwenye kiti cha nyuma, maana cha mbele kingejaa vifaa vya mashindano. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa nne, labda akae juu ya paa.

Kwa Redio safari hiyo ilikuwa matembezi. Kwa Kapteni ilikuwa sifa. Kwa Kimya ilikuwa kitu kingine kabisa. Mama yake alikuwa ameahidi kuomba ruhusa chuoni aje ukumbini kumwona, na hawakuwa wameonana tangu mwaka ulipoanza. Kimya hakulisema jambo hilo sana, maana hakuwa mtu wa kusema. Ila gauni lake la kijani lilikuwa tayari ndani ya mfuko, na kila jioni alilitoa, akalikunja upya, akalirudisha.

Matatizo yaliletwa na neno moja la Redio. Siku moja aliliinua gari mbele ya wenzao akasema, "Gari letu ni zuri, jamani, ila miguu yake kama ya kifaranga!" Watoto walicheka wakashika mbavu. Redio hakuwa na nia mbaya; mdomo ulimtangulia kama kawaida yake. Lakini magurudumu yalikuwa kazi ya Kapteni, na lile neno lilimkaa rohoni.

Mtoto aliyekulia kwenye kibanda cha matairi ana mawazo yake kuhusu ukubwa. Malori yalipofika pale kwa mama, watu walisogea kuyatazama. Magari madogo hayakutazamwa na mtu. Jumamosi, Kimya na Redio walipokuwa wamekwenda kutafuta rangi, Kapteni alikaa nyuma ya kibanda na mabaki ya tairi la lori, vipande vya mbao, nyundo na misumari. Alikata miduara minne ya mbao, mipana kuliko kiganja chake, akaizungushia mikanda minene ya raba ya tairi. Kisu kilimkwaruza vidole mara kadhaa. Hadi mchana alikuwa na magurudumu manne meusi yenye meno kama ya lori la kweli. Aliyapenda mno.

Na wala hakuwa amefanya kazi bila kufikiri. Aliwaza hivi: gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo likizunguka mara moja. Basi gari lenye magurudumu makubwa lazima litangulie.

Mwalimu alikuwa amewapa sharti moja tu. "Ukibadilisha kitu, pima. Ukishapima, niambie ulichokiona. Usiniambie ulichokitamani." Kwa hiyo Kapteni alipima. Alifunga magurudumu mapya, akazungusha mpira, akaliachia gari uani. Gari lilitingishika, likasita, kisha likaanza kujikokota. Lilipokaribia kukolea mwendo, mpira ulikuwa umekwisha kujikunjua. Alirudia tena, akazungusha mpira zaidi. Ikawa vilevile.

Aliyatazama magurudumu yake. Alitazama vidole vyake vilivyokwaruzwa. Akajiambia kwamba tatizo ni udongo wa uani, na kwamba kwenye sakafu ya saruji mambo yatakuwa mengine. Hakwenda kujaribu kwenye saruji, ingawa ilikuwepo hatua chache tu kutoka pale.

Wenzake waliporudi, Redio alipiga kelele za furaha. Kimya aliligeuza gari, akalipima uzito mkononi.

"Umeyajaribu?" aliuliza.

"Nimeyajaribu."

"Yakoje?"

"Moto wa kuotea mbali!" alisema Kapteni. "Yale ya vifuniko hayafui dafu."

Kimya alimwamini. Kwa nini asimwamini? Walikuwa wanalala kitanda kimoja.

Jumatatu mwalimu mkuu alitaka kuliona gari kabla ya safari. Wanafunzi walijipanga pande zote za korido ndefu ya madarasa. Ili kunogesha, gari la darasa la jirani, lililokuwa la pili katika majaribio, liliwekwa kando yake. Mwalimu wa sayansi akahesabu, na yakaachiwa.

Gari la jirani lilichomoka. Gari la Kapteni lilitikisika kama mtu aliyeamshwa usingizini, likajivuta, likaanza kutembea. Lilikuwa bado halijafika nusu ya korido wakati mwenzake alipogonga ukuta wa mwisho. Kisha likasimama.

"Lisukumeni!" mtu alipaza sauti, na shule nzima ikaangua kicheko. Mwalimu mkuu alikohoa, akasema alikuwa na kazi ofisini.

Mwalimu wa sayansi aliwaita watatu hao darasani, akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliliweka gari mezani, akayatazama magurudumu kwa muda.

"Haya ni mapya. Yamepimwa?"

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Kapteni.

"Uliona nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema kweli, na Kapteni aliiona wazi. Aliwafikiria wale waliocheka koridoni, akafikiria wangesema nini wakijua kwamba magurudumu yale ya lori aliyafunga yeye, tena akijua.

"Lilikwenda vizuri kuliko mwanzo," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mwalimu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa taratibu. "Bodi ni ileile. Magurudumu yamepimwa na yako sawa. Basi kilichobaki ni mpira." Akamgeukia Kimya. "Uliukata lini huu?"

"Juzi," alisema Kimya. "Ule wa kwanza ulikuwa umechoka. Nikakata mwingine." Alivitazama viganja vyake. "Labda nimeukata upande."

Kapteni alisubiri mtu aseme jambo lingine. Redio alikuwa anakwangua rangi nyekundu iliyomganda kwenye kucha. Mwalimu alisema kwa huruma kwamba mashindano yalikuwa Ijumaa na muda wa kubahatisha haukuwepo. Walihitaji mtu wa mpira ambaye kazi yake imeonekana ikienda. Nafasi ya Kimya angepewa mvulana wa darasa la jirani, yule aliyekata mpira wa gari lao.

"Samahani, mwanangu," alimwambia Kimya. "Mwaka ujao upo."

Kimya alisema, "Sawa, mwalimu," akachukua mkoba wake.

Jioni hiyo Kimya aliomba simu ya mama mkubwa. Kapteni alikuwa mlangoni na ndoo mkononi, hakuweza kupita wala kurudi.

"Mama, usiombe ruhusa," Kimya alikuwa akisema. "Hapana, siumwi. Siji tena." Alisikiliza. "Niliharibu mimi. Nilikata mpira vibaya, gari likakataa kwenda." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi. "Ndiyo, mama. Nitajifunza. Usijali."

Alimrudishia mama mkubwa simu, akamshukuru. Kisha akalitoa gauni la kijani mfukoni na kulitundika kwenye msumari wake wa kila siku. Hakulia. Alikwenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda, akachukua tyubu kuukuu na mkasi, akaanza kukata vipande vya mpira, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja alikinyoosha mbele ya macho kuona kama kimenyooka.

Kapteni alisimama kando yake.

"Hebu nitazame," alisema Kimya bila kuinua kichwa. "Mkono wangu naukosea wapi? Wewe unaona?"

Kipande kilikatwa mbele ya macho yake. Kilikuwa kimenyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Sijui," alisema Kapteni.

Aliingia ndani upesi. Chakula cha jioni alikila nusu, na mama alipomuuliza kulikoni, alisingizia kuumwa kichwa.

Kesho yake, wasichana walipokuwa wametoka shuleni, dereva mmoja wa teksi alifika kibandani na gari dogo jeupe. Dereva huyo alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa. Gari lake lilikuwa limevalishwa magurudumu mapana yenye rimu za kung'aa, na lilikuwa limeinuka kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake.

"Fundi, naomba nirudishie yale ya zamani," alisema. "Bado unayo?"

"Si ulisema haya ndiyo yatakayokuletea abiria?" aliuliza mama huku akisogeza jeki.

"Abiria wanakuja, lakini gari haliondoki! Nikisimama kwenye makutano, nikikanyaga mafuta, linatafakari kwanza. Jana nimepigiwa honi hadi na mwendesha baiskeli. Injini nimeipeleka kwa makanika, nimemlaumu mtu wa watu kwamba kaniharibia. Kumbe maskini hana kosa. Kaniambia nije kwako."

Mama alicheka. "Ulimkosesha amani bure. Injini yako ni ileile. Wewe umeibebesha mzigo." Akawaita wasichana wamsaidie.

Magurudumu yalipofunguliwa, alilivika moja kubwa kwenye bomba la chuma lililotokeza ukutani, mahali pa kukagulia rimu, na pembeni yake, kwenye bomba la pili, akalivika dogo la zamani.

"Haya, Kapteni. Kidole kimoja. Lizungushe hili dogo."

Kapteni alisukuma karibu na katikati, pale mama alipomwonyesha. Gurudumu dogo liliitikia mara moja.

"Sasa kubwa. Palepale, karibu na katikati."

Alisukuma. Gurudumu halikujali. Alisukuma kwa nguvu zaidi, kidole kikauma, ndipo likaanza kugeuka polepole.

"Umeona?" alisema mama. "Injini haishiki ukingo wa gurudumu. Inalisukuma kutokea katikati, kwenye ekseli. Ukingo ukiwa mbali na katikati, nguvu inayofika barabarani inakuwa ndogo. Hilo la kwanza. La pili ni uzito. Mzigo ulioko ndani ya gari unasukumwa mbele tu, basi. Lakini uzito wa gurudumu unasukumwa mbele na bado unazungushwa. Na ukiwa ukingoni kama huu, ni mbishi zaidi kuuzungusha."

"Lakini likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi," alisema Kapteni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kweli kabisa, hapo hujakosea. Kwenye barabara ndefu likishakolea litakwenda, kama injini ina nguvu za kutosha. Shida ni kulianzisha. Huyu bwana maisha yake ni kusimama na kuondoka. Mpaka likolee, abiria ameshashuka akapanda lingine."

Dereva alicheka kuliko wote. Kimya hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye beseni na tyubu ya mtu mikononi, na mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya maji.

Kapteni alijua kwamba Kimya alikuwa anahesabu: magurudumu makubwa, raba nzito ukingoni, mbio fupi. Ingemchukua muda kidogo tu kufika mwisho wa hesabu hiyo. Lakini Kapteni aliona pia kwamba Kimya angefika mwisho na bado asingesema kitu, kwa sababu aliambiwa magurudumu yamepimwa.

"Mama," alisema Kapteni. "Lile gari letu. Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Nilipolijaribu hapa uani, lilijikokota. Nikajaribu tena, likajikokota tena. Nikasema limekwenda vizuri. Mpira haukuwa na kosa lolote. Niliwaambia uongo, na mwalimu pia."

Dereva wa teksi aligundua ghafla kwamba alihitaji kukagua taa za mbele za gari lake. Kimya aliinuka. Maji yalimtiririka kwenye viwiko.

"Jana ulinitazama nikikata," alisema. "Nilikuuliza. Ulisimama hapo ukanitazama."

"Nisamehe."

"Nimemwambia mama yangu niliharibu mimi."

Yalikuwa maneno mengi kwa Kimya, na yote yalikuwa ya kweli. Alijifuta mikono kwenye sketi, akaingia ndani. Kapteni alimgeukia mama yake. Alitazamia kofi, au angalau kelele, na wakati ule angepokea chochote kwa shukrani.

Mama alikuwa anakaza nati. Alizikaza zote kabla ya kusema.

"Mimi nimeudhika, usidhani sijaudhika. Lakini mwenye neno la kwanza na wewe si mimi. Kesho asubuhi utakwenda kwa mwalimu, na hutamwambia nusu nusu. Sasa lete jeki upande huu."

Asubuhi Kapteni alimweleza mwalimu yote, akiwa amejikaza kisabuni. Mwalimu alimtuma kuwaita wenzake pamoja na mvulana wa darasa la jirani, akawapeleka koridoni.

"Safari hii tunapima wote, na tunabadilisha kitu kimoja kimoja," alisema. "Mpira utakuwa uleule uliolaumiwa."

Walirudisha vifuniko vya chupa, na gari likachomoka hadi ukutani. Walifunga magurudumu makubwa ya kadibodi tupu, mepesi. Gari likaondoka kwa kusita kidogo, ila lilijitahidi. Walirudisha vifuniko, wakavigandamizia udongo wa mfinyanzi ukingoni ili viwe vizito. Gari likazubaa mwanzoni. Mwisho walifunga yale ya raba ya lori, na halikuhitajika neno.

"Kasi inavyoongezeka tangu gari likiwa limesimama, hiyo inaitwa mchapuko," alisema mwalimu. "Kwenye mbio fupi mtu hushinda au hushindwa hapo. Sasa mmejua. Lakini tuna jambo jingine."

Jambo lenyewe lilikuwa viti. Mvulana wa darasa la jirani alikuwa ameshaambiwa kwamba atakwenda. Alikuwa amefurahi, wazazi wake walikuwa wametoa ruhusa, na hakuwa amemkosea mtu yeyote. Redio naye hakuwa na kosa zaidi ya mdomo.

"Nafasi ni tatu," alisema mwalimu. "Siwezi kumrudisha Kimya kwa kumpokonya huyu. Hilo nalo litakuwa kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine."

Wote walitazama sakafu. Kapteni alikuwa ameshalijua jibu tangu akiwa njiani, lakini kulijua na kulitamka ni mambo mawili.

"Akae kwenye kiti changu," alisema.

"Ndivyo nilivyofikiri," alisema mwalimu. Hakumsifu.

Jioni hiyo Kimya aliomba tena simu ya mama mkubwa, akamwambia mama yake aombe ruhusa, maana angekwenda. Siku iliyofuata, tangu alipotoka shuleni hadi giza likaingia, Kapteni alitengeneza magurudumu ya akiba. Alivichagua vifuniko kwa kuvipima kimoja kimoja kwenye kiganja, akavitoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto, na kila kilichopinda akakitupa. Alimpa Kimya ndani ya kopo dogo. Kimya alilipokea, akaangalia ndani, akasema, "Asante." Usiku kitandani alilala ameelekea ukutani.

Ijumaa asubuhi gari la mwalimu lilipita kibandani kujaza upepo. Kapteni ndiye aliyejaza, tairi zote nne, akikagua kila valvu kwa mate kidogo kuona kama inavuja. Kwenye kiti cha nyuma Redio alikuwa ameshaanza kumchosha mvulana wa darasa la jirani. Kimya alikaa dirishani ndani ya gauni lake la kijani, gari jekundu mapajani. Walipoondoka alimpungia mama mkubwa mkono. Baadaye kidogo, gari likiwa linaingia barabarani, akampungia Kapteni pia.

Kapteni aliketi juu ya tairi na kulia. Alilia kwa wivu, kwa aibu, na kwa sababu alitaka sana kwenda. Mama alimwacha amalize, kisha akavuta kigoda akakaa karibu naye.

"Nitakuambia kitu, na sitakirudia," alisema. "Kutengeneza magurudumu mabaya si dhambi. Mimi nimeziba pancha ngapi zikafunguka! Mtu anakosea, anapima, anaona, anarekebisha. Kazi yote duniani inakwenda hivyo. Lakini ukisema umepima ukaona hivi, na wewe uliona vile, hilo kosa haliishii hapo. Linatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Na anayekaliwa ni yule anayekuamini, maana mwingine angekuuliza maswali. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya. Unawe uso. Ukitoka shuleni, kuna tyubu tatu pale zinakungoja."

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ya mama ilipolia. Mama aliipokea, akasikiliza, akatabasamu. "Wa pili!" alimwambia Kapteni. "Wameshindwa na gari lenye magurudumu ya vifungo vya koti. Hebu fikiria, vifungo!" Akasikiliza tena, akamkabidhi simu. "Dada yako anakutaka."

Nyuma ya sauti ya Kimya kulikuwa na kelele za ukumbi, viti vikiburutwa na watu wakicheka.

"Kapteni."

"Naam."

"Niko na mama. Nimemwambia mpira ulikuwa mzima. Ananiambia nisione haya, kila mtu hukosea. Nimemweleza mara mbili. Anadhani najitetea."

Kapteni aliketi juu ya tairi.

"Mwambie wewe," alisema Kimya.

Simu ilibadilisha mikono. Kapteni alisikia sauti aliyoijua, ya upole, iliyochoka kidogo, ikimwita kwa furaha na kumuuliza kwa nini hakuja na wenzake. Mama yake alikuwa ameacha kazi na kumtazama.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Kapteni. "Kimya hajitetei. Mpira aliukata vizuri tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeharibu gari, na nilijua, nikanyamaza akalaumiwa yeye."

Mama mdogo hakumjibu yeye. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeweka simu mbali na mdomo, "Njoo hapa, mwanangu. Njoo. Kumbe ulikuwa unaniambia kweli."

Baada ya hapo hakuna aliyeikumbuka simu. Kapteni aliishikilia sikioni, akasikiliza kelele za ukumbi, na chini yake, karibu kabisa, sauti ya Kimya akilia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Hakukata. Alingoja hadi simu ilipojikatia yenyewe, akamrudishia mama yake, akaenda kujaza maji kwenye beseni.